Majenerali Arobaini wa Bwana Yangu

Mama Henriette mupendwa,

We unayejibu barua za batu wenye shida, naomba unisikilize mpaka mwisho mbele ya kunikaripia, sababu najua utanikaripia, na mi mwenyewe nimeshajikaripia ya kutosha nikifua nepi, nikipika bukari, nikipanga foleni ku robine ya maji, lakini haisaidie kitu, na siku zinapita, na nikikaa kimya wiki mbili zingine bwana yangu atachekwa mbele ya batu na itakuwa ni mi nilimupeleka pale.

Mi naitwa Mignonne, naishi hapa Kapata mu nyumba ya baba yangu, tata Kisimba, aliyefanya kazi ya mine, ya kuchimba shaba, miaka makumi tatu na moja na sasa anakaa ku kiti mbele ya mulango akingojea kampuni ikumbuke kama yeye aliwahi kuwa mutu wake. Bwana yangu ni Ntambwe. Babu yake aliletwa toka Kasai juu ya kazi, baba yake alizaliwa hapa, ye mwenyewe alizaliwa hapahapa ku Dilala, hajawahi kuona Kasai hata ku picha, lakini mwaka jana, mwezi wa tatu, unajua yaliyotokea kwa batu wenye asili ya Kasai, sina haja ya kuyaandika. Batu balikuja ku nyumba yetu na bamarungu, bakamwambia arudi kwabo, akauliza, "Kwetu wapi?", bakamwonyesha njia ya stasiyo. Mi bakaniambia, "We ni wa hapa, bakia." Nilikuwa na mimba ya miezi ine na ilikuwa imeanza kunisumbua, na kule stasiyo batu balikuwa banalala inje mu mvua wakingojea treni wiki na wiki, batoto banaharisha, banakufa, na Ntambwe mwenyewe aliniambia, "Mignonne, rudi kwa tata yako. Nitakuandikia." Baba akaja akisukuma pusupusu kuchukua bitu byangu na hakumupatia Ntambwe hata mukono. Tangu siku ile jina la bwana yangu halikutajwa tena mu nyumba hii.

Miezi kumi na moja, Mama. Sikupata neno hata moja. Ntumba wetu akazaliwa, akakaa, akaota meno mawili, na mi sikujua kama nimulee mutoto wa mutu mwenye kuishi ao wa marehemu. Kisha mwezi wa pili mwaka huu mama Mbombo akabisha. Mama Mbombo ni muchuuzi wa samaki bakavu, anapita na treni toka hapa, anabadilisha pale Tenke, anafika mpaka Mwene-Ditu, anarudi. Akaniambia, "Leta mikono miwili, huu muzigo ni muzito." Ilikuwa ni kaye saba, daftari za shule, zilizofungwa mu nailoni, na barua juu. Niliona mwandiko nikakaa chini palepale mu matope, na mama Mbombo akacheka, "Simama, mama Ntumba, ni muzima, anakula, hata amenenepa ku mashavu!" Ni muzima. Anafundisha batoto wa mwaka wa tatu mu shule ya bâche, turubai tu ndiyo paa.

Barua ilisema hivi: "Mignonne, nimeandika roman, kitabu cha hadithi. Niliianza mu stasiyo, nimeimaliza huku. Kuna masiku nilitaka kulala nisiamuke, lakini niliwaza, kama siamuke nani atamaliza ukurasa? Soma, uniambie kweli. We haujawahi kunisifu bure."

Inafaa ujue kwanza kazi ya Ntambwe ilikuwa gani. Alikuwa pwantere. Miaka kenda alisimama kila asubuhi ku mulango ya mine na daftari, anaita majina ya batu ba zamu, na kila mutu anaitika "Niko!", ye anatia alama, na asiyeitika haingii. Sasa sikia hadithi aliyoitoa mu kichwa yake. Asubuhi moja shaba yote ya dunia inaanza kuongea. Yote, Mama: ile ya nyaya za umeme, ile ya kengele, ile ya sufuria, ile iliyo mu telefone na mu moteri, popote inchi ilipo. Kila kipande kinaita jina la mutu aliyekitoa mu udongo, na hakikubali kufanya kazi tena mpaka mwenyewe aitike. Miji ya mbali inakuwa giza. Ku muji moja ya Ulaya padiri anavuta kamba ya kengele, na kengele, pahali pa kulia, inasema "Ngeleka Albert". Na huku kwetu muzee Ngeleka, aliye mu foleni ya bunga na mufuko mutupu, anasikia kitu mu kifua, anavua kofia mbele ya batu bote, anasema, "Niko!" Na kule kengele inalia.

Nililia mpaka Ntumba akaniangalia. Ile ni kaye ya kwanza. Ku mwisho wake kuna ukurasa shaba inaanza kuita majina mengi, lakini pale alifuta mistari karibu kumi, amekata na biki mpaka karatasi imepasuka. Niliiweka ku jua nikaona kama Kalenga, kama Kabamba, kama Ntumba, jina la Kasai kama la mutoto wetu, ingine ni kama Kisimba, lakini ba-Kisimba ni bengi. Nilifikiri ni makosa ya kuandika, nikaendelea.

Kaye ile nilimusomea baba. Niliogopa, lakini nilisema ni kitabu tu, sikusema cha nani. Alisikiliza bila kukata. Kisha akauliza:

"Na mi? Jina yangu inaitwa wapi?"

"Baba, ni hadithi."

"Najua ni hadithi, mi si mutoto. Nauliza jina yangu inaitwa wapi. Shaba ya mwaka wa sitini na nane ilikuwa mingi. Lazima iko pahali inaita."

Sasa dhambi yangu ni hii. Siku ileile mama Mbombo alikuwa anapanda treni, na mi mu furaha yangu, nikiwa nimesoma kaye moja ku saba, nikamupatia karatasi: "Ntambwe, nimesoma yote. Ni kizuri kabisa, usibadilishe kitu." Sikuona kama ninadanganya. Niliona ni kama kusema asante kwa Mungu.

Kesho yake nikafungua kaye ya pili. Tuko ku mwezi, kule juu angani. Kuna mufalme anaitwa Zarkonor na ana majenerali makumi ine. Na Ntambwe anabaleta mbele bote, moja moja: jina, namba, jina la baba, rangi ya farasi, uzito wa upanga, siku aliyowekwa ku kazi. Jenerali wa kwanza, Valtor. Jenerali wa pili, Mordak. Baba alivumilia mpaka ku wa kenda, kisha akasema:

"Mignonne. Mulize huyu bwana yako: shaba ilienda wapi?"

Alijua tangu mwanzo, Mama! Na ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka muzima alisema "bwana yako". Niliendelea kusoma. Ku jenerali wa kumi na mbili alikuwa amelala mudomo wazi.

Mi niliendelea peke yangu, mchana, Ntumba akiwa ku mugongo. Kaye ya tatu ni majenerali. Kaye ya ine ni majenerali banajipanga. Kuna binti wa mufalme, analia ukurasa moja, anasema "Ole wangu!", harudi tena. Kaye ya tano ni hotuba. Kaye ya sita ni vita, na kila jenerali mbele ya kupiga anasema kwanza kama iko tayari, bote makumi ine, kwa mupangilio. Ku kaye ya saba, ukurasa wa mwisho, imeandikwa, "Na shaba ikanyamaza." Basi. Nilifunga nikaona kama nimefanya zamu mbili.

Na kuna ingine. Siku ya mvua makala ya kupikia yalikuwa majimaji, mutoto ana homa, nilitaka maji ya moto haraka, nikashika karatasi ya karibu na kuwasha mbabula, jiko letu. Kuangalia, ni kaye ya tatu. Jenerali wa kumi na saba mpaka wa makumi mbili na tatu baliungua. Sijaambia mutu.

Sasa wiki iliyopita mama Mbombo ameleta barua ingine. Ntambwe anasema juu ya neno langu amekata shauri: katekista wa kule ana mashini, ataichapa yote vile ilivyo, na mwisho wa mwezi wa saba ataisomea shule muzima na bazazi, batu karibu mia tatu, bote ba huku kwetu waliofukuzwa. Anasema, "Kama umeona kosa hata moja niambie sasa, kisha hapo basi." Mama Mbombo anapanda treni siku ya ine ya wiki ijayo.

Nikimwambia kweli, nimukate ule mukono wa kuandika uliomushika mu stasiyo? Na nikinyamaza, si nitakuwa nimemutuma mbele ya batu mia tatu na ule mufalme Zarkonor? Na ku hii yote kuna kitu kinanifanya nione haya: kila nikifikiri kama shida yangu leo ni kitabu kibaya, natamani kuimba. Je, ni vibaya?

Ni mi,
Mignonne, Kapata


*Mama Henriette anajibu:*

Mignonne mwanangu,

Mbele ya yote, acha nipumue. Tangu mwaka jana, barua zinazofika ku meza hii nazifungua mkono mmoja umeziba mdomo. Ya kwako nimeisoma nikingoja maiti, na maiti haikuja. Bwana ni mzima, ana mashavu, anafundisha. Mtoto ana meno. Na shida ya nyumba ni majenerali. Nilicheka mpaka padiri akatoka ku ofisi kuuliza kuna nini. Imba, mama. Si vibaya. Wako wengi wangependa kubadilishana shida na wewe leo hii, na wewe unawajua.

Umemaliza kuimba? Sasa nikukaripie.

Ulisifu kaye saba ukiwa umesoma moja. Unaita hiyo furaha. Mi naiita uvivu wa mtu aliyechoka, na sikulaumu kwa kuchoka, nakulaumu kwa neno "yote". Bwana wako miaka kenda alisimama ku mlango wa mine na daftari. Je, aliwahi kutia alama kwa mtu ambaye hayuko, kwa kuwa tu anampenda? Basi. Wewe umetia. Na mtu huyo alikuomba kitu kimoja tu, kweli, na akakupa sababu: hukuwahi kumsifu bure. Umemsifu bure mara moja, na tazama, mashini ya katekista imeshatiwa wino.

Unaogopa kweli itamvunja. Mwanangu, mwanaume huyu aliuliza kwao ni wapi akaonyeshwa stasiyo. Alilala kwenye mvua, akavuka nchi, akafika mahali asipomjua mtu, akatafuta chaki na kuanza kufundisha. Hatavunjwa na mke anayemwambia kaye ya pili inachosha. Kitakachomvunja ni watu mia tatu kusinzia mbele yake, na mfukoni ana karatasi yako inayosema usibadilishe kitu. Siku hiyo atakosa kitabu na atakukosa wewe pia.

Halafu kuna jambo umeliandika katikati ya barua, ukaliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Ile mistari kumi. Unasema ni makosa ya kuandika. Mignonne! Mtu akikosea herufi hapasui karatasi. Soma tena majina uliyoyaona ulipoiweka ku jua: Kalenga, Kabamba, Ntumba, Kisimba. Wa hapa na wa Kasai, zamu moja, mstari mmoja, vile walivyokuwa kweli ku mlango ule kila asubuhi. Sasa jiulize aliyaandika wapi. Mu stasiyo, mwaka jana, na watu wanapekua mizigo. Karatasi yenye majina ile miezi ilikuwa ni hatari kwa aliyeibeba, na ilikuwa ni hatari kwa aliyetajwa ndani. Na jina la nyumba unamolala lilikuwa ndani. Akafuta. Akageuza ukurasa, akaenda ku mwezi, sababu ku mwezi hakuna anayemuuliza mtu babu yake alishuka ku treni gani.

Kwa hiyo hao majenerali si ujinga wa bwana wako. Ni woga, na aliogopa kwa ajili yako, na ya baba yako asiyempa mkono. Mheshimu kwa hilo. Lakini kuheshimu si kudanganya. Kitabu bado kinachosha. Mwandishi aliyeanza na muzee Ngeleka kuvua kofia mu foleni ya bunga anajua kuandika; kisha aliacha watu wake nje, akaita wengine ambao hawapo duniani, na ndiyo maana hakuna aliyeitika, hata tata Kisimba akalala.

Utafanya hivi, na utaanza leo, si siku ya ine asubuhi mama Mbombo akiwa tayari mguu mmoja ndani ya treni.

Mpe baba yako mtoto amshike. Ana magoti mawili na hana zamu. Wewe kaa, ukopie kaye ya kwanza kwa mkono wako, polepole, mpaka pale alipofuta. Pale acha nafasi nyeupe ya mistari kumi. Tuma kopi. Ile yenyewe isipande treni tena, ifunge mu nailoni uiweke ndani ya sanduku la baba yako, chini kabisa. Zile sita zingine ziache zikae, zitamngoja. Hao majenerali saba uliowashia mbabula, ungama kwake mstari mmoja, atakasirika siku mbili. Usiwalilie, walichemsha maji ya mtoto, ni kazi kubwa kuliko waliyoifanya ndani ya kitabu.

Usimwamuru arudishe majina. Hilo si lako, wala si langu, na hatujui mwaka kesho utaleta nini. Mwambie tu kwamba uliyaona. Akitaka kuyaandika, atayaandika. Akitaka kungoja, angoje. Akitaka kutafuta majina mengine ya watu wa kweli, dunia imejaa. Lakini asirudi ku mwezi.

Kuhusu ile siku ya mwisho wa mwezi wa saba, asiifute. Katekista achape kaye ya kwanza peke yake. Watu mia tatu waliotoka hapa watakaa ku bâche ile na kusikia kengele ya Ulaya ikimwita mchimbaji, na kila mmoja atauliza kama baba yako alivyouliza. Wakiuliza, bwana wako atajua cha kuandika ku kaye ya pili. Hatahitaji mimi wala wewe.

Na kabla ya kufunga barua, nenda ku kile kiti mbele ya mlango, umwambie tata Kisimba ulichoona ku jua. Usiseme "ba-Kisimba ni wengi". Mwambie: jina lako liko, Ntambwe aliliandika, akalifuta ili lisikuletee shida. Kisha mwulize kama ana neno la kutuma. Akikataa, mwache, kesho mwulize tena. Akikubali, andika vile anavyosema, hata kama ni matusi.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Usiipambe. Andika: "Ntambwe, nilikudanganya, nilikuwa nimesoma moja tu. Kaye ya kwanza nililia. Zingine zilinichosha. Baba anauliza shaba ilienda wapi, na mi pia nauliza." Tia jina lako, tia alama ya kidole cha Ntumba, funga.

Na asipojibu mwezi mzima, usianze tena kuogopa. Ujue anaandika.

Mama Henriette